Bibi Yangu Alitengeneza Mashini, Makofi Wakanipigia Miye

Mama Martine mupendwa, weye mwenye unajibuka barua zetu ku gazeti,

Naandika hii barua unisaidie na usinihurumie sana, juu tangu siku kumi na mbili sijue tena niko mutu wa namna gani.

Miye ni électricien, fundi wa umeme wa diplôme, baba ya watoto watatu, nakaa Mudzipela. Bibi yangu, mama ya watoto wangu, anaitwa Berthe. Anafulaka nguo ku maternité moja ya masista hapa Bunia, madrap, zile shuka za kitanda za wamama wenye wamezala, mataulo, blouse za docteur. Mbele ilikuwa mikono tu, wamama wane ku bassin toka asubui mpaka jua inapinduka, na vidole vyao vinapasuka juu ya dawa ya javel, kisha miaka tatu sasa masista walipewa mashini kubwa ya kufula, ile ya mulango ya kioo mbele, na Berthe ndiye aliaminiwa kuitumikisha. Basi lundi moja, mwanzo wa juma, ile mashini ikakatala. Taa zake zinawaka, maji iko ku robinet, unabonyeza, inanyamaza. Siku tatu madrap ikarundikana, na wamama wenye walikimbia vita ya Djugu na Gety na kikwembe moja tu ya kujifunga ku mwili walikuwa wanalala juu ya matelas ya plastiki bila kitu juu yake, na mutoto mumoja wakamufunga ndani ya pazia ya dirisha. Sœur Aimée, mukubwa wa maternité, akasema: "Berthe, bwana yako si ni électricien? Muite."

Nikaenda na sanduku yangu ya vyombo na blouse yangu ya bleu. Mama, nilifanya yote yenye walinifundishaka. Nilipima prise ya umeme ku ukuta, courant iko. Nikapima fil, ile kamba ya umeme, iko muzima. Nikatoa prise, nikafungua mugongo ya mashini, nikapima moteur, iko muzima. Nikaangalia mupira wa kutolea maji, haujazibwa. Nikafunga mugongo, nikarudisha prise. Masaa mbili muzima. Mwisho nikafanya vile siye mafundi tunafanyaka akili ikiisha, nikaweka uso ya mutu mwenye kuleta habari ya kifo na nikasema: "Sœur, ni carte. Ubongo ya mashini imeungua. Munapashwa kutafuta mashini ingine." Mama, ile carte sikuipima. Nilitupa neno tu.

Sœur akashika kichwa, akatoka kuenda kuita docteur Augustin. Tukabakia miye na Berthe. Akaweka bassin yake chini, akasema pole pole: "Haiko carte. Hii mashini haijakufa. Inakatala."

"Inakatala nini?"

"Ukifunga mulango inajibuka. Inasemaka tak, kisha tak ingine, ndani ndani, ndipo inaanza. Tangu lundi, ile tak ya pili siisikie."

Miye nikacheka. Nikacheka, mama. Yeye hakukasirika. Akapiga magoti, akaweka sikio ku chuma pale mulango inashikia, akafunga macho, akafungua mulango akaufunga, akafungua akaufunga, mara tano, pole pole kama mutu anapima homa ya mutoto mwenye analala, kisha vidole vyake vikapita upande ingine, ku charnière, pale mulango inageukia, vikasimama. Akasema: "Iko nashuka. Kila siku tunatundika madrap ya maji juu ya huu mulango. Ona, umeinama. Ulimi yake haifike tena vizuri mu tundu, mashini inafikiri mulango iko wazi." Akaingiza mukono chini ya mulango, akaunyanyua upana wa ukucha, akausukuma. Tak. Kisha ile ingine, ndani ndani. Akabonyeza, na maji ikaanza kuingia.

Akaizima. Akaniambia nitoe prise, akanyoosha mukono bila kuniangalia: "Turnevis." Nikamupatia. Akakaza visi za charnière mpaka mulango ukasimama sawa, akanirudishia turnevis, tukarudisha prise, akafunga na kidole moja, ikaanza.

Sijue namna gani nikuelezee chenye nilisikia. Siye watu wa Mahagi kuna pahali tunashuka mulima na gafla ziwa inafunguka chini yako yote mara moja, na ata kama ulizaliwa pale unasimama kuangalia. Ni vile. Ngozi ikanisimama mwili muzima. Madrap ilikuwa inazunguka nyuma ya kioo na miye sikukuwa naiangalia, nilikuwa naangalia huyu mwanamuke mwenye aliachaka masomo ku cinquième, mwaka ya tano ya primaire, mwenye nimelala karibu naye miaka kumi na mine, na nikasikia woga, lakini woga ya muzuri, kama ya mu kanisa. Na vitu ikaanza kunirudilia mu kichwa: radio yetu yenye ilinyamaza kisha ikasema, pasi yenye ilipata moto tena, cherehani ya Tina jirani yetu yenye iliingia kwetu imevunjika na ikatoka inashona. Kumbe! Miye nilifikiri siye tuko na bahati na vitu.

Sasa zambi yangu. Mulango ya chumba ikafunguka, Sœur Aimée akaingia na docteur na mainfirmière wawili, wauguzi wa pale, wakanikuta nimesimama na turnevis mu mukono, mashini iko nazunguka, Berthe iko chini anapanguza maji. Sœur akapiga kelele: "Papa Médard! Umeifufua!" Wakapiga makofi, wote wane. Docteur akanikamata mikono mbili. Miye nikasema, na nakumbuka vizuri: "Mungu ni mukubwa." Ile tu. Berthe akanyanyua bassin yake, akatoka kuenda kuanika.

Dimanche Sœur alieleza wakristo kisha misa. Sasa njiani wananiita Ingénieur. Na docteur anataka nisaini kazi, nikuwe mutunzaji wa mashini zote za maternité, ata ile ya oxygène ya watoto wenye wanazaliwa mbele ya saa yao. Ile mashini nimeisimamia mbele mara moja, nikarudi nyuma bila kuigusa. Nitasaini lundi hii. Yaya yangu Henri, ndugu yangu mukubwa, anasema: "Saini. Mwanaume haombake musamaha juu ya mulango ya mashini. Bibi yako ni mwili yako, chenye alifanya ni weye ulifanya."

Siku ile ya makofi, wakati ya chakula, nilimuuliza Berthe: "Juu ya nini haukusema?" Alikuwa anachagua maharagi. Hakunyanyua ata kichwa. Akasema: "Nilikuwa nangoya weye." Tangu pale hajarudilia ile neno, ananisalimia, ananipakulia, anaenda kazini, na miye nikisema kweli napoteza jina na kazi na watu watanichekelea mpaka ku soko, nikinyamaza naogopa ile mashini ya oxygène na naogopa zaidi kumuangalia bibi yangu mu macho. Nifanye nini, mama?

Miye Médard, Mudzipela.

*

Médard, ndugu yangu,

Jibu hii nilikutumia kwanza ku telefone, juu lundi yako haikuweza kungoya gazeti. Sasa naiandika hapa, wengine waisome na wajitazame.

Nilisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilitafuta sapato ya kukupiga nayo. Mara ya pili nilikuhurumia. Mara ya tatu nilifika pale bibi yako anafunga macho na kuweka sikio ku chuma, nikaacha kusoma, nikakaa tu. Kahawa yangu ikapoa. Nimejibu barua za watu miaka mingi, na sijaona wengi wenye wanasikiliza kitu chochote vile Berthe alisikiliza ule mulango.

Sasa tuseme. Weye uliiba. Mwizi wa kuku angalau anakimbia, weye ulisimama pale wakupigie makofi. Na jina ya Mungu ukaifanya pazia ya kujifichia. Mungu ni mukubwa, ndiyo, lakini siku ile hakuwa na turnevis mu mukono.

Na kuna ingine yenye weye mwenyewe uliipita mbio mu barua yako. Unalilia makofi, lakini kosa ilianzia ku carte. Kama Berthe angeogopa diplôme yako, ile mashini nzima ingetupwa, na wamama wa Gety wangelala ku plastiki mpaka leo, juu ya neno moja yenye ulitupa ili usionekane mudogo. Makofi ilikuwa uongo ya kunyamaza. Carte ilikuwa uongo ya kusema. Utaungama zote mbili.

Yaya yako Henri umuambie hivi: kama bibi na bwana ni mwili moja namna anavyofikiri, basi siku ya uchungu ya kuzala, yeye ndiye alale ku maternité na bibi yake aende kukunywa pombe na marafiki. Akikubali, tutasikiliza mashauri yake.

Lakini sikia pia hii. Wanaume wengi wakiona chenye uliona, wanachukia. Wanatafuta namna ya kumurudisha mwanamuke chini, wanamuambia aliharibu, wanamukataza kazi. Weye ngozi ilikusimama. Uliona ukubwa ya mutu mwingine, na mutu mwenyewe ni bibi yako, na ukapenda chenye uliona. Hiyo ndiyo sababu nakujibu na sikutupi. Ile woga ya muzuri yenye unasema, usiiache ipoe.

Basi utafanya hivi. Leo, mbele ya chakula, watoto wakiwa pale, umuombe Berthe musamaha. Usiseme "kama nilikukosea". Sema chenye ulifanya. Usilete kikwembe ya zawadi, itafunika maneno. Ukimaliza, nyamaza, ata kama naye ananyamaza siku tatu.

Lundi usisaini. Mufike wawili. Usimuvute Sœur pembeni ku bureau, makofi ilikuwa mbele ya watu na kweli nayo iwe mbele ya watu wale wale, docteur na mainfirmière. Watacheka. Acha wacheke, kicheko haijaua mwanaume wa Mudzipela. Mashini ya oxygène usiiguse ata na kitambaa ya vumbi, wamutafute mwenye alisomea. Na kama kazi ya kutunza mashini iko, jina ya Berthe iandikwe kwanza. Weye unaweza kuwa ku upande yake, juu courant unaijua na yeye haijue, na sitaki mama wa watoto watatu aingize kidole mu fil.

Na weye musomaji mwenye mashini yako imenyamaza mu lupango, pale ku nyumba yako, usitupe, usilie. Angalia prise, angalia robinet, funga mulango na usikilize. Usitundike nguo ya maji juu yake. Ukitaka kugusa visi, prise itoke kwanza. Na mbele ya kumuita mwenye iko na sanduku ya vyombo, umuulize mwenye anaitumikishaka kila siku.

Mama Martine

*

Jumanne Médard alituma hii, naiweka vile iko:

Mama, tulienda. Siku ile nilisoma jibu yako, nilimuomba Berthe musamaha mbele ya watoto, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kula, chakula inapoa." Sikujua kama ni ndiyo ao hapana. Lundi alivaa kikwembe yake ya misa.

Nilisema yote, makofi na carte. Infirmière mumoja akacheka, kisha akaacha mwenyewe. Sœur Aimée akamugeukia Berthe: "Ni weye?" Berthe akaitika na kichwa. Sœur hakupiga makofi tena. Alimukumbatia, akalia ku bega yake, na miye niliangalia chini.

Docteur akatupeleka ku chumba ya watoto wadogo kabisa, wale wenye wanatosha mu mukono moja. Pale kuna mashini mbili za oxygène, moja inafanya kazi, ingine waliiweka pembeni juu inafanya sauti yenye hakuna mutu anaelewa. Docteur akaiwasha, akamuambia Berthe: "Mama, sikiliza." Berthe akanawa mikono, akainama, akafunga macho. Miye nilikuwa tayari, nilikuwa nasema mu roho, sasa tutaona tena.

Alisikiliza murefu sana. Kisha akasimama, akageukia docteur, sauti yake kama mutu anaomba chumvi kwa jirani: "Hii, siijue. Nani iko naijua? Anifundishe."

Docteur Augustin akatoa miwani, akaipanguza. Akasema iko fundi mumoja wa mashini za hospitali, alisomea, atamuita afike juma hii, na Berthe atasimama karibu yake mpaka ajue. Sœur akaandika jina ya Berthe. Ya kwangu iko chini yake, kwa upande ya courant.

Miye niko na diplôme tangu miaka kumi na saba, mama, na ile neno, siijue, yenye bibi yangu alisema pale mbele ya docteur, mikono yake ingali na maji, sijaisemaka ku kazi ata siku moja.