Ujumbe wa Pili wa Handaki

Reykjadalur, 8 Septemba 2022

Baba mpenzi,

Naanza na hili kabla ya salamu, maana nikisalimia kwanza nitapata nafasi ya kuliacha. Naliogopa handaki. Sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Ile siku ya kwanza niliporudi na Mama kutoka hospitali ya Akureyri, yeye amechoshwa na dripu, mimi na kibao changu cha mwanafunzi wa udereva nyuma ya gari, niliingia mle ndani na kioo cha mbele kikafunga ukungu papo hapo. Unalijua joto la mle. Sikuona kitu. Mama alikifuta kwa skafu yake, akasema, "Endelea, Hugrún, uko sawa." Sikuwa sawa. Tangu hapo nikifumba macho naona kuta zinasogea.

Sasa shikamoo, Baba. Hali yako, na hali za wenzako melini? Sisi hatujambo. Asubuhi Mama anaendesha mwenyewe, jioni naendesha mimi, kama ulivyopanga.

La heri ni kwamba Mama naye amelichoka handaki. Jumanne, tulipofika kwenye mzunguko wa barabara, alisema, "Usikate kulia. Nenda moja kwa moja, tupande njia ya mlimani ya Víkurskarð. Nimeshinda nikitazama ukuta wa hospitali, nataka kuona bahari." Nilifurahi hadi nikaona haya.

Usimwambie nilichokuandikia.

Binti yako,
Hugrún


Baharini, 12 Septemba

Mwanangu Hugrún,

Marahaba. Kompyuta ya meli imeshusha barua yako leo. Huku tu wazima, ila mpishi anatulisha chewa kila siku, utadhani hatuwaoni vya kutosha. Mama anakula? Wewe unalala?

Siri yako iko kwangu. Nami nikupe yangu. Kamera ya handaki ikisoma namba ya gari letu, ada inakatwa na simu yangu inapata ujumbe. Ujumbe wa kwanza, najua mmekwenda. Wa pili, najua mmerudi. Jumanne wa pili haukuja. Nilikaa chumba cha mitambo nikiitazama simu mpaka mwenzangu Birkir akaniuliza kama nasubiri mchumba. Nikamwambia nasubiri wawili.

Inanishangaza kidogo mama yako kutaka kupita kule. Lakini mgonjwa apewe anachokitamani. Mkipita juu, niandikie mkifika. Theluji ikianza, basi tena.

Baba yako


Reykjadalur, 20 Septemba

Shikamoo Baba,

Natumaini bahari imetulia. Tumefika salama, nakuandikia kama ulivyotaka. Mimi sijambo. Kuhusu Mama, sijui niandikeje.

Leo tumepita tena Víkurskarð. Vichaka vimeiva rangi mlima mzima, na fjord, ule mkono wa bahari, ilikuwa imelala chini kama bati. Mama hakuitazama. Alilaza kichwa, akafumba macho, akasema jua linamwumiza. Baba, kulikuwa na mawingu.

Kwenye kona ya juu aliniambia nisimame. Alitapika kwenye mfuko wa mkate, na vidonge alivyopewa hospitali vikatoka vizima. Nikauliza, "Ni njia?" Akasema, "Ni dawa." Nikamwambia, "Kama ni dawa, mbona siku tuliyopita handakini hukutapika?" Akasema, "Shule inakuharibu. Endesha."

Daktari amempima. Uzito umeshuka. Ukiendelea kushuka watasimamisha tiba mpaka apate nguvu, na daktari hapendi isimame sasa. Muuguzi amesema chakula na vidonge ni lazima vikae tumboni. Mama alinieleza haya kwa sauti ya mtu anayesoma habari za hali ya hewa, kisha akaniuliza nimefika sura ya ngapi ya kitabu changu.

Binti yako,
Hugrún


Baharini, 26 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Nimeisoma barua yako, nikaiacha, nikairudia.

Mama yako haipendi barabara ile. Kabla ya handaki hatukuwahi kuipita bila kusimama atapike. Alipokuwa na mimba yako alishuka garini palepale kwenye kona, akasema atatembea kwa miguu mpaka nyumbani, nami nikamfuata nyuma na gari kama mchunga kondoo. Handaki lilipofunguliwa alioka keki.

Sijamuuliza kitu. Ila nadhani siku ile ya ukungu alikuwa anakutazama wewe kuliko kioo. Hiyo bahari hakuiomba kwa ajili yake.

Nimekaa siku nzima nikifikiri nikuandikie au nisikuandikie, kwa sababu utasoma lawama. Hakuna lawama. Ningekuwa huko ningeshika usukani mimi. Niko mbali, na meli hairudi kwa ajili ya mtu mmoja.

Ukiamua kuingia handakini, washa feni ya moto kwenye kioo mapema, kabla ya mzunguko. Kioo kikipata joto, ukungu haushiki. Ukiona huwezi, mpigie jirani yetu Njáll aje kuwachukua. Atakuja, na hatakucheka.

Baba yako


Reykjadalur, 4 Oktoba

Shikamoo Baba,

Sisi hatujambo. Simu yako imeshakuambia, lakini nataka ujue ilivyokuwa.

Uzito umeshuka tena, kidogo. Daktari amempa Mama wiki mbili za kurudisha uzito. Akishuka zaidi, tiba inasimama.

Sikumpigia Njáll. Tulipotoka Akureyri theluji nyepesi ilikuwa inaanguka, na nikawasha feni ya moto. Mama akauliza, "Unatupika?" Nikamwambia ni ya kioo. Tulipoukaribia mzunguko akasema, "Moja kwa moja, mwanangu. Leo bahari ni nzuri." Bahari haikuonekana kabisa.

"Mama, naogopa handaki."

"Najua."

"Na wewe kule juu unatapishwa na njia, si dawa."

"Nani kakuambia?"

"Baba."

"Mwanamume yule. Yeye yuko baharini, mdomo wake uko nyumbani."

Niliuzunguka mzunguko mara mbili. Mama akaniachia niamue. Mara ya tatu nikatoka upande wa handaki.

Kioo hakikushika ukungu. Kuta zilikuwa zilezile. Mama akasema, "Nisimulie kitabu chako." Nikamsimulia mlinzi wa mnara wa taa na kondoo wake, lakini nilichanganya sura.

"Huyo kondoo si alishakufa?"

"Huyo ni mwingine."

"Haya, endelea."

Nikaendelea. Katikati ya njia niligundua amelala, na bado nikaendelea kusimulia kwa sauti, kwa sababu kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi.

Tulipotokea upande wa pili nilisimama kando, mahali pa kuegesha magari. Nilifungua dirisha kidogo. Sikumwamsha. Kisha nikawasha taa ya kuashiria, nikatazama nyuma, nikaendesha polepole hadi nyumbani. Nikapasha moto supu ya kondoo. Mama alikula nusu bakuli, akanywa vidonge, nikakaa naye mezani kusubiri. Vimekaa.

Tarehe kumi na nane tunarudi kupimwa.

Binti yako,
Hugrún