Nilienda Kumlinda Mwanangu Darasani, Sasa Nanyang'anywa Githeri

Shangazi Chelangat, ejok, nakusalimu kwa Kiturkana. Naomba unisaidie kabla mume wangu hajarudi na mbuzi kutoka Kainuk, maana sijui nitamwambia nini.

Mtoto wangu Erupe yuko gredi ya tano hapa Lodwar, muhula uliopita alikuwa anarudi na njaa, shati imeraruka, nikiuliza anasema ameanguka, kila siku ameanguka, nikasema huyu mtoto hana miguu ama ni nini, basi nikabeba kiti yangu ya mbao nikaenda shule nikamwambia Mwalimu Kamande nitakaa nyuma ya darasa nimwangalie, mwalimu akafurahi, akasema wazazi wote wangekuwa hivi.

Anayemsumbua nikamjua. Ni msichana, Akoru, ananifikia kiunoni. Siku ya kwanza alinisalimia vizuri sana. Siku ya pili akasema, "Wewe ripita, mrudia darasa, toka kwa hiyo kiti." Darasa ikacheka, na mimi nikacheka nisionekane mbaya, halafu Shangazi, sijui ilikuwaje, nikatoka. Sasa anakalia yeye, mimi nakaa chini, saa ya chakula anachukua githeri yangu, anasema nikimshtaki ataambia watu wote kusoma kunanishinda, na ni kweli, niliachia darasa la pili. Juzi alinisukuma mlangoni, mwalimu akauliza hiyo vumbi ni ya nini, nikasema nimeanguka. Erupe akaninong'oneza, "Mama, mpe tu. Ukilia anaongeza."

Sasa nihamie gredi ya sita, ama nitafute mtu mkubwa wa kukaa na mimi?

Mama Erupe

*

Mama Erupe, pole. Nimecheka, sikufichi, lakini nilipofika kwenye "nimeanguka" nikaisoma barua upya. Wewe umezaa, umelea, na mtoto wa kimo cha mtungi amekufunga mdomo. Sembuse Erupe? Lile swali ulilokuwa ukimuuliza kila jioni, jibu lake sasa unalo.

Lakini ulikosea, mama. Mtoto hakuhitaji mwanafunzi mwenzake wa kuliwa chakula naye. Na huyo mtu mkubwa unayemtafuta, wiki ijayo ataniandikia yeye.

Kesho kabla ya kengele mshike Erupe mkono, mwende kwa Mwalimu Kamande, uanze wewe: "Sikuanguka. Nilisukumwa." Mtoto akisikia mamake amesema, atasema. Hapo hapo mwambie mwalimu kwamba kusoma hukukufika mbali. Ukiitoa siri mwenyewe, Akoru atakutisha na nini? Na mwalimu aeleze macho yake yalikuwa wapi.

Usimguse huyo msichana. Anayekula githeri ya watu watatu huenda kwao hakupikwi. Mamake aitwe, mzungumze kama wazazi, na Akoru aombe msamaha mbele ya mwalimu. Erupe akirudi jioni, usimuulize kama ameanguka. Muulize alicheza na nani.

Kisha utoke darasani, umwache humo bila wewe. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na huwezi kumtuma mtu akufanyie.

Shangazi Chelangat