Harufu ya Chumba cha Baba

Nyuma ya duka la kinyozi,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa dada, kifungua mimba wetu,

Hujambo? Miguu bado inavimba? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Sisi ni wazima kiasi, na hicho "kiasi" ndicho kilichonikalisha kuandika.

Unaijua kazi yangu, uso kwa uso na watu kutwa nzima. Mwezi uliopita fundi saa, mteja wangu kwa miaka kumi na mmoja sasa, nilipomwinamia kumnyoa ndevu aligeuzia uso ukutani. Nikadhani shingo inamuuma. Kesho yake mteja mwingine akaomba anyolewe na mwenzangu wa kiti cha pili, ambaye sote tunajua hukata watu masikio.

Nikaanza kutafuna karafuu na peremende mpaka nikanukia kama duka la viungo. Nikavaa barakoa, nikasingizia mafua. Nyumbani nikawa najibu kwa kichwa. Kila nikipiga mswaki povu linatoka jekundu, nami nafungua bomba upesi lisionekane.

Unajua nilichokuwa nawaza. Marehemu baba alianza hivi hivi. Harufu ilitangulia, sote tukaisikia, tukawa tunafungua madirisha tu. Hakuna aliyemwambia. Alipofika hospitali, taya lilikuwa limeshaliwa na saratani.

Basi Jumanne moja, wakati wa chakula cha mchana, binti yangu tunayemwita Kasuku alinikalia mapajani akasema, bila ubaya wowote, "Baba, unanuka kama chumba cha babu."

Kijiko kilinitoka mkononi. Mke wangu akaondoa sahani, akakaa mbele yangu. "Mkwe wangu nilimnyamazia kwa heshima," akasema. "Wewe sikunyamazii. Vaa viatu."

Daktari wa meno alikuwa dada mdogo mdogo mwenye mikono ya baridi. Alinieleza kwamba ufizi umevimba, ukoga umegandamana mpaka chini yake, na gego moja la nyuma limevunjika na kuoza. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakinuka. Kisha akavuta taa karibu, akaniuliza doa jeupe lililo ndani ya shavu lina muda gani. Sikujua hata kama nina doa. Akakata kipande kidogo kikapimwe, majibu baada ya siku tisa.

Siku tisa, dada. Nilikuwa nikimtazama Kasuku akifunga kamba za viatu, najiuliza ni nani atakayemfundisha mambo mengine. Siku ya sita wembe uliteleza, nikamkata fundi saa kidevuni. Nikamweleza yote. Akasema kila wiki alikuja amekusudia kuniambia, na kila wiki ulimi ukawa mzito.

Majibu yalitoka Alhamisi: si saratani. Ni lile gego lililokuwa likichubua shavu. Lakini doa lazima litazamwe tena baada ya miezi mitatu, na sigara niliamriwa kuacha. Nimezitupa.

Gego limeng'olewa, ukoga umekwanguliwa. Sasa napiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, taratibu, hata pale penye damu ambapo zamani nilikuwa naparuka. Napitisha uzi katikati ya meno. Nasugua hata ulimi, ambao miaka arobaini sikujua kama nao huoshwa. Maji nakunywa kutwa, maana mdomo mkavu hunuka upesi. Damu imekoma. Hofu bado.

Ulipopiga simu wiki jana ulicheka kwamba siku hizi unatafunia upande mmoja na asubuhi unatema damu, ukasema ni uzee. Mimi sikucheka. Baba naye alisema ni uzee. Tafadhali, nenda kwa daktari wa meno wiki hii, umweleze na habari za baba. Usisubiri iume, mimi haikuniuma hata siku moja.

Nisalimie shemeji, wapwa zangu wote, na mama mkwe wako kama bado ananikumbuka. Mungu akufunike kwa mkono wake, akuweke mpaka tuonane. Ukitoka kwa daktari niandikie siku hiyo hiyo, hata neno moja, hata kama ni baya.

Nduguyo akupendaye, roho ikiwa juu,
Kitinda mimba