Kamba za Uwanjani Hazitoki

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta una nguvu zako, na lile goti limekupa nafasi ya kupumua. Huku hatujambo. Mapacha wanakula mpaka sufuria inaomba huruma, na mmoja ameng'oka meno ya mbele, sasa anaona haya kucheka. Mwanao naye ni mzima wa mwili. Kuhusu moyo wake, najua alishakupigia simu akakueleza mwenyewe, na ulituma neno kwamba nimwombe radhi nikae kimya kama mke wa mtu. Neno limenifika. Nakuheshimu sana, lakini radhi siombi, na nakusihi unisome mpaka mwisho kabla hujaniita mtovu wa adabu.

Hujafika huku tangu tuhamie, kwa hiyo nikueleze tunavyokaa. Tuko ghorofa ya kwanza, katika majengo manne yanayotazamana, na katikati yake kuna uwanja wa kamba za kuanikia nguo. Mpita njia atasema hawa watu hawajuani, na kweli kwenye ngazi tunapishana kila mtu na haraka zake. Kujuana kwetu ni pale kambani. Pale ndipo nilipojua kwamba muuguzi wa ghorofa ya tatu ni mjamzito, kabla hajamwambia hata mumewe, maana alianza kuanika sare za kuazima, pana kuliko yeye. Baba mmoja alipohama kwake hakuna aliyetangaza. Mashati yake yalikoma kambani, nasi tukawa tunampelekea mkewe chakula bila kumhoji. Kuna mzee anayeishi peke yake, alikuwa karani wa posta. Tulipoona fulana zake zimeshinda na kulala nje, tulivunja mlango tukamkuta ameanguka bafuni, bado anapumua. Leo anatembea, tena anagombana na sisi juu ya kitasa. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mjini kila mmoja na lwake.

Sasa mwanao ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya majengo yetu, na kamati yenyewe ni wanaume watupu. Waliamua kamba zing'olewe, uwanja uwe maegesho ya magari. Wakaenda kuukagua Jumapili jioni, wakapiga picha, wakatangaza kwamba ni mahali patupu pasipotumika. Mama, Jumapili jioni kila nyumba inapiga pasi! Nguo za wiki nzima zimeshaanuliwa. Lakini mtu ambaye hajawahi kuanua hata soksi yake atayajulia wapi hayo? Nilimweleza taratibu tukiwa mezani. Akanijibu kwamba mambo ya kamati si ya jikoni.

Basi wa jikoni tukamjibu. Nilipita mlango kwa mlango, tukapangiana zamu, na tangu siku hiyo kamba hazikukaa tupu. Aliyekosa nguo chafu alifua zilizo safi. Mapazia yalifuliwa mpaka yakapauka. Lori la kokoto lilipokuja, dereva alishuka, akayatazama mashuka meupe yanavyochuruzika maji, akasema yeye ana mke nyumbani na hana ubavu wa kumwaga vumbi hapo. Akageuza lori lake akaondoka. Mwanao alinuna hadi mapacha wakaniuliza kama baba anaumwa jino.

Ukaitishwa mkutano wa wakazi wote, palepale uwanjani, Jumamosi asubuhi. Hapo ndipo anaposema nilimdhalilisha. Alikuambia alihutubia kutoka dirishani kwa sababu alikuwa na homa. Kweli alikuwa dirishani, tena kwa shati lililonyooshwa na tai shingoni, akisema wanawake tunazuia maendeleo. Nikamjibu kutoka chini, mbele ya watu, kwamba maendeleo yasiyojua hata siku ya kufua hayajapita nyumbani kwa mtu. Watu wakapiga makofi. Mikono ikanyooshwa, kamba zikabaki, kamati ikavunjwa. Hayo umeshayasikia.

Usiloambiwa ni hili: hakuwa na homa. Alfajiri ile nilifua suruali zake zote, Mama, mpaka ile ya kulalia. Alipoamka zilikuwa zinaning'inia mbele ya macho yake, kwenye kamba zilezile alizosema hazina kazi. Mlango sikumfungia, angetaka kushuka angeshuka. Watu wa chini waliona tai tu, na mpaka leo anayejua ni yeye, mimi, na sasa wewe. Aibu ile nimeitunza ndani ya nyumba na nitaendelea kuitunza, kwa sababu nampenda mwanao, hata akiwa amekosea.

Tena hakukuambia ni nani aliyechaguliwa kushika nafasi yake katika kamati mpya. Ni mimi. Kwa hilo amenipa chaguo, nijiuzulu au nirudi kwetu, na nimemwambia kama ninavyokuandikia: sifanyi hata moja. Cheo sikukiiba, nimepewa na majirani mchana kweupe. Na hapa ndipo kwetu, kwingine sina. Akitaka kununa anune, chakula atakikuta mezani kama kawaida, ila nguo zake afue mwenyewe. Jana alikuja na beseni mkononi, akaniuliza, bila kunitazama usoni, vibanio vinakaa wapi. Nikamwonyesha.

Unisalimie baba mkwe na shemeji zangu wote. Mapacha wanakuamkia, na yule kibogoyo anataka umletee zawadi ya meno. Ukiona ni lazima uje kutusuluhisha, karibu sana, kitanda kipo na mashuka ni safi kupita kiasi. Ila nakuomba, Mama, usimletee mwanao suruali mpya.

Ni mimi mkweo, nisiyehama,
Mama Mapacha