Kilima Ulichodhani Kina Theluji

Bariadi, Jumapili jioni

Mke wangu Mama Neema,

Kwenye simu mtandao unakatika kila ninapofika kwenye jambo lenyewe, ndiyo maana nakuandikia. Uliniuliza kama ukubali uhamisho ubaki huko kwenu Moshi, karibu na mama anayeumwa. Nilikujibu, "Nipe muda." Leo nimepata jibu.

Nimepanda kile kilima chetu. Vijana walikuwa wakimiminika kwenye mlima mkubwa wa mawe kupiga picha. Vicheko vyao vilinifikia kama vya ndotoni. Mimi nilipita nyuma, kando ya mashamba ya pamba, nikashika njia ya mbuzi. Kumbe bado natembea upande mmoja wa njia, nakuachia nafasi.

Unakumbuka nilipokupeleka mara ya kwanza? Nesi mgeni, viatu vipya. "Hiki nacho mnakiita mlima? Kwetu hii ni ngazi ya kupandia kitandani!" Kisha ukaona mwamba wa juu umekuwa mweupe wote, ukanishika mkono. "We Masanja, hata ninyi mna theluji?"

Ilikuwa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani. Akina mama waliokuwa wakianika walicheka mpaka wakakaa chini. Wewe uliokota kipande, ukakitafuna umefumba macho. Hapo ndipo nilipokupenda.

Leo mwamba ulikuwa na joto. Nikajilaza, mawingu yakipita taratibu, nikafumba macho, nikasikia pumzi yako ikipanda nyuma yangu polepole, kama zamani. Nikafumbua macho. Alikuwa Mayu Kabula, jirani yetu, na ungo wa michembe kichwani.

"Mwadila, Masanja. Mwenzio yuko wapi?"

"Yuko kwao, Mayu."

"Sasa wewe unachunga kilima? Hakina miguu hiki, hakitoroki!"

Tulicheka wote. Miezi yote hii nimekuita urudi kwa ajili ya nyumba, kazi yangu, na kilima hiki. Lakini kule juu sikuwa nikiitazama Bariadi. Nilikuwa nimegeukia mashariki, uliko wewe.

Kubali uhamisho. Kesho napeleka ofisini barua ya kuomba wangu, na wakikataa nitakuja hivyo hivyo, nilime. Najua kwetu mwanaume kuhamia karibu na mama mkwe ni aibu. Ndugu zangu watasema mimi ndiye niliyeolewa.

Na waseme.

Mumeo anayekuja,
Baba Neema