Baraka Chini ya Shali

Ofakim, 9 Agosti 2020

Mpwa wangu Amram,

Salamu. Mimi mzima, mzima kuliko wewe. Dada yangu Freha, mama yako, kifua chake vipi? Naandika kwa kuwa kusema nawe nimeacha tangu jana.

Umenifungia mlango wa ua wa sinagogi, tunaposalia siku hizi za korona, siku ya Sabato, mimi kuhani pekee mtaani, kisa barakoa. Umekuwa msimamizi lini? Jeshini nilimeza vumbi la vifaru mpaka nikawa nakohoa matofali, pua sikuifunika. Nikibariki, mbwa wa mtaa wa pili hunyamaza. Sauti hiyo haichujwi kwa kitambaa.

Mjomba wako,
Makhluf

12 Agosti

Mjomba,

Shikamoo, ingawa wiki hii hustahili. Mama anapumua kwa mashine ya oksijeni. Sala anaisikilizia kwenye roshani, juu ya ua huohuo, na anachongojea ni baraka ya kaka yake tu. Mlango niliufunga kwa ajili yake.

Jeshini ulikuwa mpishi. Mama kaniambia.

Na ukibariki unajifunika shali ya sala hadi kidevuni, hatukuoni hata ndevu. Mbona hapo sauti haichujwi? Njoo na barakoa au usije.

Mpwa wako,
Amram

16 Agosti

Amram,

Salamu za mkato. Mpishi wa vita, nilipika huku risasi zinapita kwenye sufuria.

Jana nilikuja nimevaa, kidevuni. Ukanipandishia puani kwa kidole chako, mbele ya Shimoni muuza samaki. Nikavua viatu, nikanawa mikono, kama kuhani anavyotakiwa kabla ya kubariki. Lakini maneno ya kuhani unayajua: Mungu ametuamuru kuwabariki watu wake kwa upendo. Nikajitazama moyoni nikakuta nakuchukia. Kuhani mwenye chuki hapandi kubariki, marehemu baba alinifundisha. Kwa hiyo kabla hujaniita kubariki nikabeba viatu vyangu nikatoka. Usitangaze kwamba umenishinda.

Mjomba wako,
Makhluf

18 Agosti

Mjomba,

Habari za huko sitaki, nakupa za hapa. Mama alikuwa amesimama, ameshika chuma cha roshani, kichwa ameshainamisha. Akabaki vile mpaka watu wakatawanyika. Aliponiuliza, nikasema unaumwa mguu. Akasema, "Makhluf angekuja hata kwa kutambaa, ili tu apate cha kusimulia."

Daktari anataka alazwe Jumapili. Kama atarudi nyumbani, hajasema. Kwa hiyo imebaki Sabato hii.

Nami nakuchukia vilevile. Lakini mimi si kuhani.

Amram

20 Agosti

Amram,

Salamu kwa Freha. Wewe ngoja.

Sabato nitanawa kwenye bomba la nje. Ukikaribia kuniita nitaingia peku, nimeshajifunika shali kichwa kizima. Ndani yake kitakuwepo kile kitambaa chako, puani na mdomoni, kimekazwa. Watu hawatakiona. Shimoni akiuliza, mwambie Makhluf amekataa mpaka mwisho na wewe umeshindwa kumzuia. Hilo nakudai.

Freha atanisikia. Nimejaribu jikoni nikiwa nimekivaa, jirani wa juu akaitikia amina.

Ule upendo nimeutafuta tangu jana. Upo kidogo, unatosha baraka moja. Wakishaitikia amina ya mwisho, tutaendelea pale tulipoachia.

Mjomba wako,
Makhluf