Boga Lililovaa Miwani

Mikumi,
Alhamisi, 12 Juni 2025.

Kwa dada yangu mpendwa Costancia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi kivulini baada ya kazi, wala si katikati ya rundo. Mama naye hajambo? Mwambie shikamoo yangu kwake ni ndefu kuliko barabara ya kutoka hapa hadi Kilosa, na kwamba nauliza hasa habari za jicho lake la kushoto, maana ndilo lililobaki. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na ubishi wangu, ambao ulitumaini chuo kikuu kingeuponya, umenawiri.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Ni kwa sababu simuni hunipi nafasi. Nikifika sentensi ya pili unaanza kucheka. Tena kifurushi ulichopokea pamoja na barua hii hakiwezi kujieleza chenyewe. Utaona pia kwamba mwandiko wangu umekuwa mkubwa kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Usihangaike nao kwa sasa; sababu yake utaikuta mbele.

Nimekabidhiwa macho ya watu, dada! Sitanii. Unakumbuka nilikuja hapa mwezi wa tatu kuwa karani wa mapokezi, mtu mwenye shahada ya fizikia na kazi ya kuandika majina ya wageni kitabuni. Sasa kambi imefungua uwanja wa shabaha nyuma ya mabanda, nje kabisa ya mipaka ya hifadhi, na vibali vyake nimevibandika ukutani kwa mikono yangu. Si uwindaji, hapana. Mgeni hupewa bunduki ya upepo, ile inayorusha kirisasi kidogo kama punje ya choroko, akalenga visahani vya chuma vinavyoning'inia kwenye waya. Akipata, kisahani hulia ngaa, na mgeni huruka kama aliyefunga bao. Bi. Mwanakheri, mwenye kambi, alitaka visahani vikatwe kwa umbo la ngiri na swala, lakini Mzee Makarius, msimamizi wa uwanja, alikataa katakata. Alisema alilinda wanyama wa pori hili miaka thelathini akiwa askari, na hakustaafu ili aje kutazama watu wakimpiga ngiri, hata awe ngiri wa bati.

Mwishoni mwa mwezi uliopita kirisasi kimoja kiligonga kisahani, kikarudi kilikotoka, kikamchapa Mzee Makarius kwenye ukingo wa kofia, vidole viwili juu ya nyusi. Mzee aliivua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Bi. Mwanakheri aliita wafanyakazi wote. Alitangaza kwamba hakuna atakayekanyaga uwanja ule bila miwani ya kinga, kisha akauliza ni nani kati yetu anayeijua miwani. Wote wakanigeukia, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyekuwa nimevaa. Ndivyo nilivyopata cheo! Nikapewa siku kumi za kuchagua na daftari la usalama la kutia sahihi, kwa kuwa Jumamosi hii linakuja kundi letu kubwa la kwanza, walimu ishirini na wawili kutoka Morogoro. Akanieleza waziwazi kwamba jicho la mwalimu mmoja likidhurika, uwanja utafungwa nami nitarudi Kilosa kwa basi la siku hiyo hiyo.

Unanijua. Nilisoma kila nilichokipata hadi maneno yakaanza kunifuata mezani. Nikahitimisha kwamba lenzi iwe ya polikaboneti, plastiki ngumu ambayo hubonyea pale kioo kinapopasuka. Alama ya kuhimili pigo iwe imechongwa kwenye lenzi yenyewe na kwenye fremu, kwa maana boksi haliendi uwanjani. Tena miwani ijipinde hadi kwenye panja, kwa kuwa kirisasi kinachorudi hakibishi hodi mlangoni. Huingia kwa dirisha la pembeni. Na anayevaa miwani ya daktari apewe ile pana, aivae juu ya yake. Kanuni hiyo ya mwisho niliiandika kwa wino mwekundu, na utaona jinsi ilivyonirudia.

Kuhusu rangi, mimi na Mzee Makarius tulibishana siku nzima. Yeye alitaka miwani myeusi kwa wote, kwa hoja kwamba jua la Mikumi halina adabu. Nilimjibu kwamba asubuhi uwanja una kivuli, na giza juu ya giza halimwonyeshi mtu chochote. Tuwe na isiyo na rangi ya kivulini, ya njano kwa siku za mawingu, myeusi kwa jua kali peke yake. Akasema aliona simba miaka thelathini bila kuhitaji manjano yangu. Nikamwambia simba ni mkubwa kuliko kisahani. Alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo ananiita Profesa.

Aliyetukatia shauri ni Devota, mpishi wetu. Alitoka jikoni na kusema kwamba ubishi hauliwi na wageni, basi tujaribu tuone. Akatoa boga alilonunua Dumila, tukaliweka juu ya pipa mbele ya ukuta wa mifuko ya mchanga. Akalichora mdomo kwa mkaa na kulibatiza Bwana Shahada, kwa sababu, alisema, nalo lina kichwa cha duara kilichojaa mbegu ambazo hazijapandwa popote.

Tulianza kwa kulivisha miwani myeusi ya mchuuzi wa stendi, ile ile aliyoitetea Mzee. Sisi wote tulisimama nyuma yake tumevaa sampuli zilizoletwa na muuzaji kutoka Dar es Salaam. Mzee alifyatua kutoka hatua kumi, na lenzi ikapasuka vipande vitatu. Tukalivisha sampuli isiyo na rangi, akafyatua tena. Kikasikika kishindo kidogo, tap, tukakimbia kutazama: lenzi ilikuwa na kibonyeo kama alama ya ukucha, na Bwana Shahada hana mkwaruzo mpya! Nilirukaruka, dada, mtu mzima mwenye joho. Ya njano nayo ikafaulu. Mzee Makarius akanipa mkono, Bi. Mwanakheri akaagiza mzigo wote, nami nikatia sahihi kwa herufi kubwa.

Siku hiyo walinipa bunduki nami nijaribu. Visahani vitano, nikapata vyote vitano. Mzee alistaajabu jinsi ninavyofumba jicho la kushoto kwa wakati wake hasa, bila kufundishwa, akauliza nilijifunzia wapi. Nikamjibu kwamba nilisoma kitabuni.

Hadi hapa barua hii ni ya kweli, lakini haijakamilika.

Kulikuwa na jaribio la nne. Juzi Jumanne mzigo ulifika, nami nikatakiwa kutii kanuni yangu mwenyewe: niivae miwani pana juu ya yangu. Nilijitazama kwenye kioo cha mapokezi, nikaona chura. Nikaivua na kuanza kutoa hoja. Nikasema miwani yangu inatosha, kwamba ni kioo halisi, kinene, kilichochaguliwa kwa uangalifu na dada yangu kwa sababu fundi alimwambia hakikwaruziki, na kwamba unene ni nguvu. Hebu fikiri, nilisema hivyo mbele ya watu niliokuwa nimewahubiria kinyume chake kwa juma zima. Mzee Makarius hakunibishia. Alilielekezea lile boga kidevu tu.

Ningeweza kunyamaza. Lakini mdomo huu haujui kurudi nyuma, hata mbele ya boga. Niliivua miwani yangu, nikaivaa ile ya chura, nikamvisha Bwana Shahada zawadi uliyoninunulia siku ya mahafali. Mzee aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akafyatua.

Miwani ile haipo tena, dada, na ndiyo maana mwandiko wangu umekuwa mkubwa. Nisamehe. Lenzi ya kulia iligeuka chengachenga. Devota alipolipasua boga tulikuta vioo vimezama ndani ya nyama yake, vingine urefu wa kucha. Alisema tumepoteza boga na msomi kwa risasi moja, na wote wakacheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nalitazama upande wa kulia lilivyochanika, na niliyemwona pale ni mama.

Mzee Makarius aliona uso wangu akawanyamazisha. Ndipo nikamwambia kwamba lile jicho la kushoto sikujifunza kufumba kitabuni. Nilijifunza kwenye rundo, mimi na wewe, tukiponda kokoto kando ya mama. Nikawaeleza maneno yake: jicho la kulia ni la kazi, la kushoto ni la nyumbani. Kila nyundo iliposhuka tulifumba la nyumbani, ili kibanzi cha jiwe kikija kichukue la kazi peke yake. Mama lake la kazi lilichukuliwa nikiwa kidato cha pili, na bado tukaona mafundisho yake ni busara. Kumbe tulikuwa tunapanga tu lipi litangulie kupotea.

Na jambo hili ni zito kuliko miwani. Miaka yote ya chuo, na hapa pia, walioniuliza kazi yako niliwaambia kwamba dada yangu anafanya biashara ya vifaa vya ujenzi. Naweza kubisha kwamba kokoto ni kifaa cha ujenzi, na ningeshinda. Sitabisha. Niliionea aibu nyundo iliyonisomesha. Wewe uligonga mawe umefumba jicho moja ili mimi niwe na macho manne, nami nikakuficha. Juzi niliwaambia wote, mbele ya boga, na Mzee Makarius akavua kofia yake.

Katika kifurushi kuna miwani miwili, zile sampuli zisizo na rangi ambazo hazijapigwa, Bi. Mwanakheri amenipa mwenyewe. Moja ni yako. Nyingine ni ya mama, kwa maana najua bado anakwenda rundoni hata ukimkataza. Ikishika vumbi ioshe kwa maji kwanza. Usiifute na khanga kavu, itakwaruzika. Wenzako watakucheka na kukuita chura. Waache wacheke, halafu uwasimulie habari za Bwana Shahada. Kuhusu mimi usitume chochote. Mwisho wa mwezi nitanunua nyingine, na safari hii ya plastiki. Jumamosi sitaviona visahani, lakini nyuso ishirini na mbili nitaziona vya kutosha kumrudisha kila asiyevaa.

Nina ombi moja. Vaa miwani hiyo, chagua jiwe kubwa kuliko yote, uligonge ukiwa umefumbua macho yote mawili. Kisha uniandikie jinsi jiwe linavyoonekana linapopasuka. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuliona kwa macho yote mawili.

Msalimie mama, na majirani wote wa rundoni, kila mmoja kwa jina lake. Mungu awatunzie macho mpaka tutakapotazamana.

Mimi mdogo wako, ndugu wa mponda kokoto,

Bryson